Usimwaibishe Mzee

Nimestaafu mwezi uliopita, na ofisi imeniomba niandike kurasa chache za kuwatia moyo ninyi vijana mnaoanza kazi ya kuhudumia wazee. Nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nimechana karatasi. Ninayoyajua kuhusu kazi hii yana hasira ndani yake, na nikiitoa hiyo hasira hakibaki kitu cha kusoma. Kwa hiyo nawaandikia yalivyo. Anayetaka kutiwa moyo asome kadi za pongezi nilizopewa siku ya kuagwa, ziko nyingi na zina maua.

Nilianza wodi ya wanaume, katika hospitali moja hapa mjini Mwanza, nikiwa nimetoka chuoni na viatu vyeupe vilivyonibana vidole. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Perpetua, mwanamke mfupi, mtu wa Ukerewe, ambaye hajawahi kumsifia mtu yeyote kwa sauti. Asubuhi yangu ya kwanza alinisimamisha kwenye kitanda cha ukutani. Alilala pale mzee mmoja mvuvi kutoka visiwani, aliyevunjika nyonga, siku yake ya tisa. Faili lake lilikuwa safi. Kila siku, kwa mwandiko tofauti, liliandikwa: anaendelea vizuri, hana malalamiko.

Sista Perpetua akaniambia nimgeuze. Tulimgeuza wawili, shuka likagoma kuachana na mgongo. Chini ya kiuno palikuwa na kidonda ambacho ungeingiza yai zima la kuku likatoshea. Sista aliona nimegeuza uso, wala hakuniambia nikae. Alinipa faili nisome kwa sauti siku zote tisa, mbele ya yule mzee. Nilisoma. Nilipomaliza nilimwuliza, "Babu, mbona hukusema?"

Akanijibu taratibu, bila lawama. "Waliniuliza nimeamkaje, mama. Nikawajibu."

Basi hilo ndilo lilikuwa tatizo. Nesi anaingia, anaamkia, shikamoo babu, marahaba, umeamkaje, sijambo mama, halafu anakwenda mezani kuandika kwamba mgonjwa hana malalamiko. Tulikuwa tunaandika salamu kwenye faili. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kujibu salamu kwa kutaja kidonda cha makalio, na sisi tuliolelewa vizuri tulijua hivyo, lakini tulipovaa sare tukajifanya hatujui. Sista Perpetua alinifundisha mengi kuhusu dawa na bandeji, mengine nimeyasahau. Lile la siku tisa sijalisahau hata siku moja.

Miaka ilivyokwenda nikaanza kuitwa kufundisha wenzangu. Mwanzoni ilikuwa ndani ya hospitali tu, baadaye kwenye vituo vya afya na zahanati, kuanzia Kiseke mpaka Buhongwa, na mara nyingine nikivuka kwenda kisiwani kukaa wiki. Wazee walikuwa wameanza kuzungumzwa. Mabango yalibandikwa kila mahali kwamba wazee wahudumiwe kwanza. Kituo kimoja nilichokitembelea kilikuwa na dirisha maalumu la wazee, limeandikwa kwa rangi nzuri ya bluu, na nyuma ya kioo yalipangwa maboksi ya glavu mpaka juu. Nilipouliza, mhudumu wa mapokezi akanieleza kwa upole kwamba dirisha lenyewe halijawahi kufunguliwa kwa sababu ufunguo uko kwa mtu aliyehamishwa. Kulifikia, ilibidi upande ngazi saba.

Vifaa vyangu vya kufundishia vilikuwa vya kawaida sana. Nilikuwa na miwani ya jua kumi na miwili niliyoipaka Vaselini kwenye vioo, pamba ya kuziba masikio, na mfuko wa punje za mahindi. Mwanafunzi anavaa miwani, anaziba masikio, anamwaga mahindi ndani ya viatu, halafu anaambiwa apande ngazi kama zile saba, apange foleni, asome kibandiko cha dawa na arudi. Ilikuwa inafanya kazi kuliko hotuba. Daktari mmoja aliyekuja kutoka wilayani alikataa kutia mahindi kwenye viatu vyake kwa kuwa ni vya ngozi halisi. Nikamwambia avue basi atembee peku juu ya mahindi, wazee wengine hata viatu hawana. Hakurudi baada ya chai.

Jambo la pili nililolipigania lilikuwa la kuongea na mgonjwa mwenyewe. Mnajua mnavyofanya. Bibi anaingia na mjukuu, na ninyi mnamwuliza mjukuu: bibi anaumwa nini, anakula, anatembea? Siku moja Mabatini, kwenye mafunzo ya vitendo, tabibu alimfanyia hivyo mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza dagaa sokoni kwa miaka na miaka, mwenye akili ya kumpita yule tabibu na mimi. Mama huyo alimwacha tabibu aulize maswali manne yote kwa mjukuu, kisha akamgusa mkono. "Mwanangu, anayeumwa ni mimi. Huyu kaja kunibebea mkoba." Darasa zima lilicheka, na tabibu akacheka pia, halafu akageuka akamwuliza mjukuu kama bibi ana presha.

Nilitukana siku ile, kimoyomoyo. Jioni nilikaa nikaandika karatasi moja ya maelekezo, mistari kumi, ya kubandikwa kwenye chumba cha daktari. Mwamkie. Mpe kiti. Kaa, usiongee naye ukiwa umesimama. Mtazame usoni. Ongea naye yeye, si aliyemsindikiza. Na kadhalika. Huo wa kumtazama usoni niliutoa kwenye kitabu cha mafunzo tulicholetewa kutoka nje, kilichokuwa na picha za wazee wa Kizungu wanaotabasamu. Mstari wa sita niliutunga mwenyewe na ndio niliojivunia kuliko yote. Uliandikwa hivi: Usimwaibishe mzee.

Karatasi ile ilipendwa. Ilichapwa, ikawekewa nailoni, ikasambazwa. Mpaka leo mtaikuta mahali, imefifia, kando ya kalenda. Mkiikuta, ibandueni.

Miongoni mwa wale niliowafundisha kwa karatasi hiyo alikuwemo tabibu kijana, Neema, binti wa Musoma vijijini aliyeolewa katika ukoo wa Wasukuma wafugaji upande wa Buhongwa. Nimefundisha watu wengi na sijapata mwanafunzi kama yule. Aliandika kila kitu, aliuliza, na alivua viatu kabla sijamaliza kueleza kazi ya mahindi. Alipangiwa zahanati moja huko huko karibu na ukweni kwake. Nilipokwenda kumkagua niliwakuta wazee wamejaa kwenye benchi, wamemsubiri yeye, wanasema yule mtoto ana adabu. Nilirudi nyumbani nikitembea kifua mbele.

Mmoja wa wazee hao aliitwa Mzee Masalu. Alikuwa mfugaji, mrefu, wa kuvaa koti zito hata jua likiwaka, na alikuwa ndugu wa baba mkwe wake Neema, watoto wa mkubwa na mdogo. Kwa hiyo kwa Neema naye alikuwa baba mkwe, na mnaofahamu mila za huku hamhitaji kuelezwa uzito wake. Mkamwana hakai kiti kimoja na baba mkwe, hali naye sahani moja, na neno lolote linalohusu kiuno kushuka chini halipiti kati yao.

Mzee Masalu alifika zahanati akasema anaumwa tumbo. Neema alimwamkia, akampa kiti, akakaa, akamtazama usoni, akamwuliza tumbo upande gani. Mzee akasema, "La chini, mama," akainamisha kichwa. Neema akaona aibu ya mzee, akakumbuka mstari wa sita. Alimpa dawa za minyoo na za kutuliza maumivu. Alivyotoka mzee alishukuru.

Wiki iliyofuata alirudi. Tumbo bado. Neema alisikia harufu ya mkojo kwenye lile koti. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe baadaye, sikutumwa na mtu kumchunguza. Alisikia, akajua, na akajiambia kwamba akiuliza atakuwa amemvua nguo baba mkwe wake mbele ya macho. Akamwandikia dawa za maambukizi ya njia ya mkojo bila kumwuliza habari za mkojo. Mara ya tatu mzee alikuja miguu imevimba, hawezi kukaa vizuri. Akaamkiwa tena, akapewa kiti tena. Safari hii Neema aliogopa, akaandika rufaa, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Hospitali walimwekea mpira wa mkojo. Ulijaza mfuko, wakabadilisha, ukajaza mwingine. Tezi dume ilikuwa imeziba njia kwa wiki kadhaa, mkojo ulikuwa ukivuja matone tu huku kibofu kimejaa, na figo zilikuwa zimeshakwisha. Alifariki siku ya nne. Swali moja lingemwokoa. Siandiki hivi kwa kupamba, nimesoma faili lake ukurasa kwa ukurasa na nimekaa na madaktari waliompokea. Mara ya mwisho umekojoa lini, mzee, na ulitoka vipi? Basi. Halafu mkono juu ya tumbo la chini, hata kipofu angekigundua kile kibofu.

Kiliitishwa kikao pale zahanati, na mimi nikaitwa kama mkufunzi. Nilikwenda nikijua nitakuta familia imechachamaa. Nilitamani wawe wamechachamaa. Mtoto mkubwa wa marehemu alisimama, kofia mkononi, akasema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Sisi kama familia tumekuja kushukuru. Baba alikwenda hospitali nyingi maishani, akasukumwa, akafokewa. Hapa mlimheshimu mpaka mwisho. Huyu mkwe wetu hakumwaibisha mzee wetu hata siku moja. Mungu awabariki."

Watu wakapiga makofi. Mganga mfawidhi akapiga makofi, mwenyekiti wa mtaa akapiga makofi. Neema alikuwa ameketi pembeni ya mlango, hakupiga, alikuwa akitazama magoti yake. Na juu ya kichwa chake, kwenye ukuta, ilikuwepo karatasi yangu yenye nailoni.

Niliwakasirikia wale waliopiga makofi, nikamkasirikia yule mtoto wa marehemu kwa kushukuru alipotakiwa kupiga meza, nikamkasirikia Neema. Kisha nikafika kwangu mwenyewe na sikupata pa kwenda zaidi. Mimi niliyesomeshwa siku tisa za salamu kwa sauti, mbele ya mtu mwenye kidonda, nilikuwa nimezunguka mkoa mzima nikiwafundisha watu kusalimia vizuri zaidi. Niliwapa kiti, niliwapa tabasamu, nikawapa na sababu iliyoandikwa ya kutouliza. Kikao kilipokwisha niliibandua ile karatasi ukutani. Mganga mfawidhi akaniuliza kama naleta mpya. Nikamwambia ndiyo, na hataipenda.

Neema alitaka kuacha kazi. Alinifuata nyumbani kwangu Kiseke na barua ameshaiandika. Sikumbembeleza, sikuwa na huruma siku ile. Nilimwambia akiacha, wazee wa benchi lake watahudumiwa na mtu asiyejua hata alichokosea, na kwamba barua yake naichana mara mbili ikibidi. Alilia, nikamwacha alie. Baadaye akafuta uso, akasema jambo ambalo mimi na vitabu vyangu tusingelifikia.

"Sista, ile ya kumtazama usoni ndiyo iliyotumaliza," alisema. "Baba mkwe hatazamwi usoni. Nilipomtazama kama mlivyotufundisha aliinama. Nikajua nimemkosea, sasa nitaongezaje na swali la mkojo juu yake?"

"Nyumbani mnaongeaje na baba mkwe wako?"

"Tunaongea. Akiwa na jambo anakuja anakaa mlangoni kwa nje, anatazama ng'ombe zake. Mimi niko ndani na sufuria. Anasema huku anatazama ng'ombe, namjibu huku natazama sufuria. Tunamaliza. Hata ya ugomvi wa mume wangu tumeyaongea hivyo."

"Hata ya kiuno?"

"Hayo hatujawahi. Lakini kama yangekuja, yangekuja hivyo."

Kesho yake tulikwenda zahanati, tukaondoa kile kiti kilichokuwa kikitazamana na meza ya daktari. Tuliweka viti viwili ubavu kwa ubavu, vyote vinatazama dirishani, na kati yao nafasi ya mtu mmoja kupita. Daktari anaandikia magotini. Wazee wa kwanza walishangaa, wakakaa, wakatazama nje, na wakaanza kusema. Mzee mmoja alitazama mbuzi wa watu akila majani ya uani, akaeleza mambo ya miaka sita. Neema aliuliza akitaja kila kitu kwa jina lake, naye akitazama mbuzi huyo huyo. Akikuta mzee anasita kabisa, alimwambia wazi: nitakuitia mwanamume, au sista mzee, lakini huondoki hapa bila kuulizwa.

Nikaandika ukurasa mpya. Kwanza viti. Halafu maneno yenyewe ya kuuliza, kwa Kiswahili cha kueleweka: Mara ya mwisho umekojoa lini? Unatoka kwa nguvu au unadondoka? Unajikojolea? Choo kikubwa je? Kuna kidonda mahali ambapo watu hawaoni? Tendo la ndoa bado lipo, na lina maumivu? Nilikwenda na ukurasa huo kwenye kamati ya kupitia kitabu cha mafunzo. Walikaa katika ukumbi wa hoteli yenye kiyoyozi, ziwa liko dirishani na mapazia yamefungwa. Tulikuwa kumi na mmoja, na mwenyekiti alikuwa bwana mmoja mwenye sauti nzuri ya kusomea misa.

Alisoma ukurasa wangu kimya, akavua miwani. "Mama, kazi ni nzuri. Ila lugha hii haiwezi kusomwa mbele za watu wazima."

"Ni ya kusomewa watu wazima."

"Nina maana ya staha. Tunao viongozi wa dini watakaokizindua."

"Nao wanakojoa," nilimwambia.

Sikupaswa kusema hivyo, najua. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliguna, mwingine akaficha uso kwa karatasi. Kitabu kilipotoka, ukurasa wangu wote ulikuwa umegeuka sentensi moja: Mhudumu aulize masuala ya faragha kwa kuzingatia mila na desturi. Maana yake asiulize. Mzee Masalu alihudumiwa kwa kuzingatia mila na desturi kwa asilimia mia moja. Mstari wa sita wa karatasi yangu ya zamani waliuingiza ulivyo, na wakanishukuru kwa jina ukurasa wa mbele.

Tangu siku hiyo mpaka nastaafu nilifundisha kwa karatasi zangu mwenyewe. Nilikuwa nagawa kile kitabu asubuhi kwa sababu ndiyo amri, na kabla ya chai nawaambia wafunge. Kisha nawapanga wawili wawili, vijana kwa watu wazima, wageuke upande mmoja watazame ukuta, waulizane kwa sauti. Mkojo. Choo. Kidonda. Walikuwa wakicheka dakika tano za mwanzo, na niliwaacha wamalize kucheka, maana mtu asiyelitamka neno darasani hatalitamka mbele ya baba mkwe. Nililetewa malalamiko mawili ya maandishi kwamba nafundisha matusi. Yote nimeyahifadhi.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa Kiseke, kwenye kituo cha afya alichohamishiwa Neema. Nilikwenda kumwona akifundisha, kwa kuwa darasa langu ninamwachia yeye. Ilikuwa saa tano asubuhi. Mhudumu wa mapokezi akaingia akasema kuna mzee yuko benchi tangu asubuhi, anahangaika kukaa, na anasema ataonwa na yeyote isipokuwa daktari aliyepo. Neema akachungulia mlangoni. Akarudi rangi imembadilika.

"Ni baba," alisema. "Baba mkwe wangu. Yeye mwenyewe."

Aliitwa Mzee Bujiku. Alikuwa ameletwa na mkewe kutoka Buhongwa, wakitafuta kituo ambacho hakuna mkwe, na hawakujua kama Neema ameshahamia pale mpaka waliposikia jina lake likitajwa mapokezi. Tabibu wa kiume alikuwa likizo. Nesi wa kiume alikuwa amefuata chanjo. Mzee alikuwa ameshasimama, ameshika fimbo yake, anamwambia mkewe warudi nyumbani watakuja kesho. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Kwa miaka yangu yote ya kazi nimeona jasho la namna hiyo, na najua kesho yake huwa inakuwaje.

Ningeweza kumwuliza mimi. Nilikuwa mtu mzima mwenzake, sina ukwe naye, na nilikuwa hatua nne tu kutoka pale. Nikaanza kuinuka. Neema akanishika bega.

"Sista, kaa. Wiki ijayo hutakuwepo."

Alimwomba mama mkwe wake amwingize mzee chumbani na abaki naye. Alivuta viti akavigeuza dirishani. Mzee alikaa upande mmoja, nusu ya makalio ikiwa nje ya kiti. Neema akakaa upande wa pili, akaweka daftari magotini. Hakumtazama. Mimi nilisimama kwenye pazia. Nje kulikuwa na mwanamke anaanika mashuka ya wodini, nao wote wawili wakamtazama yeye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Shuka la kwanza likaanikwa, na la pili. Nilitaka kupiga kelele. Neema alikuwa akipumua kwa mdomo, kalamu imemganda mkononi, na nikaona kabisa kwamba anaweza kushindwa. Ningemwelewa, na tungempoteza huyu naye.

"Baba," alisema, na sauti ilikwaruza, "mara ya mwisho umekojoa lini?"

Mama mkwe alijifunika mdomo kwa khanga. Mzee hakugeuka. Alitazama mashuka, taya likimcheza.

"Jana mchana," alisema. "Tangu hapo hautoki, mwanangu. Hata tone."

Mpira niliuweka mimi, Neema akiwa ametoka nje na mlango umefungwa. Hilo halikuhitaji mjadala, na hakuna aliyeaibishwa. Mkojo ulipoanza kushuka kwenye mfuko mzee alifumba macho, na mwili wote ukalegea juu ya kitanda. Mkewe alikuwa akilia na kucheka. Nilikaa pembeni nikihesabu ujazo, kwa sababu kibofu kilichojaa hivyo kinafuatiliwa mpaka mwisho, na kimya kimya nilikuwa nikimshukuru Mungu.

Kisha mzee akafumbua macho akanitazama kwa ukali.

"Sista, ninyi watu mna nini? Nimekaa kwenye lile benchi tangu saa moja. Kila anayepita ananiamkia. Wenye koti jeupe, wenye sare, mpaka mfagizi. Wana adabu sana. Nimeitikia marahaba mpaka mdomo umekauka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninachoumwa."

Niliinama kusoma ujazo wa mfuko. Mzee Masalu naye aliitikia marahaba, siku tatu tofauti, na niliyewafundisha kumwamkia ni mimi.